Gurudumu Linapovuma

Mwanzoni sauti huwa ndogo kiasi cha kufunikwa na redio. Kwenye foleni haisikiki kabisa. Barabara ikifunguka, spidi ikafika hamsini au sitini, mvumo mzito unaanza kupanda kutoka sakafuni upande mmoja, na madereva wengi huamua hapohapo kwamba hizo ni tairi. Wiki zinapita. Mvumo unageuka kuwa muungurumo, hadi siku abiria anauliza, "Kaka, hii gari ina nini?" Hapo ndipo gari linapopelekwa gereji.

Gereji, maneno mawili hutosha kuanzisha kazi: "Beringi hiyo." Mara nyingi fundi huwa amepatia. Mara nyingine anang'oa beringi nzima, anafunga mpya, na gari linarudi barabarani na mvumo wake uleule. Na kuna mara ya tatu, inayouma kuliko zote: beringi ilikuwa mbovu kweli, ikabadilishwa, sauti ikakoma, kisha baada ya muda mfupi ikarudi. Mteja analaumu duka, duka linalaumu kiwanda, fundi anasema spea za siku hizi ni feki. Feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini beringi halisi, iliyotoka kwenye boksi bila kasoro yoyote, inaweza kuuawa mezani kwa nyundo kabla haijazunguka hata mara moja, na jambo hili halisemwi vya kutosha.

Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, inafaa kuwa mfano wa sura hii. Dar es Salaam ni gari la kila mtaa: linabeba wanafunzi asubuhi, linafanya teksi mchana, linapeleka maharusi Jumamosi. Gurudumu lake la mbele limejengwa kwa namna ileile ya Toyota nyingi ndogo za kipindi hicho, ikiwemo Vitz na Probox, kwa hiyo anayelielewa moja ameelewa kundi zima.

Ndani ya gurudumu hilo kuna pete mbili za chuma, kubwa ya nje na ndogo ya ndani, na katikati yake safu mbili za gololi. Pete ya nje imeshindiliwa ndani ya chuma kinene kinachobeba gurudumu, kile kinachoungana na shokapu kwa juu na boli jointi kwa chini. Pete ya ndani imekumbatia shingo ya habu, na habu ndiyo inayofungwa diski na tairi. Shafti kutoka kwenye gia boksi inapita katikati na kufungwa kwa nati moja kubwa. Gari linapotembea, pete ya nje imetulia. Ya ndani inazunguka na gurudumu, na gololi zinabingirika kati yake kwenye utando wa grisi mwembamba kuliko unywele.

Chuma cha gololi hizo si chuma cha kawaida. Kina kaboni takriban asilimia moja na kromi asilimia moja na nusu, kimepikwa kikawa kigumu hadi tupa haikikwaruzi. Ugumu huo unahitajika kwa sababu gololi haigusi njia yake isipokuwa kwenye kidoa kidogo mno, na uzito wote unaoliangukia gurudumu lile unapita kwenye vidoa hivyo vichache. Kila gololi ikipita, chuma kinaminywa na kuachiwa. Baada ya mamilioni ya kuminywa huko, ufa mdogo huanza chini ya uso, mahali jicho halioni, kisha kipande cha ukubwa wa punje ya chumvi kinabanduka. Kishimo kinabaki. Kuanzia hapo kila gololi inayopita inadunda kwenye kishimo hicho, inakipanua, na vipande vilivyobanduka vinasagwa ndani ya grisi vikawa msasa.

Mvumo unatokana na hesabu rahisi. Tairi ya IST ya kipimo cha 185/65R15 ina mzunguko wa karibu mita mbili. Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, inazunguka mara nane na nusu kila sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa zinapita juu ya kishimo kilekile. Midundo makumi kwa sekunde haisikiki tena kama midundo; masikio yanaipokea kama sauti moja nzito. Ndiyo maana mvumo wa beringi unafuata spidi ya gari bila kujali injini inafanya nini: gari likiongeza mwendo unapanda, likipunguza unashuka.

Wazo la kuweka gololi kwenye gurudumu ni la zamani. Mwaka 1794 mtu wa Carmarthen, huko Wales, aitwaye Philip Vaughan, alipata hati miliki ya ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya gololi za chuma. Tatizo lilikuwa kuzipata gololi zinazolingana. Moja ikizidi wenzake hata kidogo, inabeba mzigo wa wote. Ilibidi kusubiri hadi 1883, pale Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alipounda mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikawa mviringo sawasawa. Viwanda vikubwa vya beringi vya karne iliyofuata vilisimama juu ya usawa huo.

Swali la umri wa beringi lilipata jibu zuri mwaka 1947, kutoka kwa Waswidi wawili, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren. Walionyesha mambo mawili ambayo kila mwenye gari angefaa kuyajua. La kwanza, beringi zinazofanana kabisa, zilizobebeshwa mzigo uleule, hazifi siku moja. Kiwanda kinaweza kuahidi tu idadi ya mizunguko ambayo beringi tisa kati ya kumi zitaivuka salama. Kwa hiyo jirani kusema yake ilifika kilomita laki mbili hakuthibitishi kwamba iliyokufa kwenye laki moja ilikuwa feki. La pili ni zito zaidi: umri wa beringi ya gololi unapungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Mzigo ukiongezeka kwa robo, umri unabaki karibu nusu. Mzigo ukiwa maradufu, inabaki sehemu moja ya nane.

Probox inayobeba abiria na mizigo kupita kiasi, ile inayoitwa mchomoko, inakutana na hesabu hiyo kila siku. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya shehena hukaa nyuma. Lakini mbele kuna injini na gia boksi, kuna abiria wawili wanaogawana kiti kimoja kando ya dereva, na kila breki inapokanyagwa uzito wa gari zima unainamia mbele. Wapo pia vijana wanaofunga rimu pana, au wanaoweka spesa ili tairi zitokeze nje ya bodi. Gari linapendeza, hilo halikataliki. Ila tairi ikisogea nje, uzito unaacha kupita katikati ya beringi na kuanza kuipinda, na safu moja ya gololi inabeba kazi ya safu mbili.

Maji nayo yana njia yake. Beringi inayotoka safari huwa na joto. Ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, kama inavyotokea Jangwani jijini Dar es Salaam mvua zinapojaza bonde na madereva wakaamua kupita, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili. Grisi inageuka rangi na kutu inaanza. Mashine ya kuoshea gari ikielekezwa moja kwa moja kwenye habu inaweza kufanya uharibifu wa aina hiyo bila mafuriko.

Kabla ya kufungua chochote, kuna kusikiliza. Kazi hii inafanyika barabarani na haihitaji kifaa. Kwanza tairi ziondolewe kwenye lawama. Mvumo wa tairi hubadilika barabara inapobadilika: unakuwa mkali kwenye lami iliyochakaa na kulainika kwenye lami mpya, huku ule wa beringi ukibaki uleule. Kiganja kikipitishwa juu ya uso wa tairi, mbele na nyuma, tairi iliyoliwa vibaya inakwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Kama shaka bado ipo, tairi za mbele zihamishiwe nyuma. Sauti ikihama nazo, fedha ya beringi imebaki mfukoni.

Halafu injini na gia boksi. Dereva akiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu anaachia mafuta na kuingiza nyutro, injini ikiendelea kuwaka kwa sababu breki na usukani vinaitegemea. Mvumo ukibaki palepale huku injini imetulia, chanzo kiko kwenye kinachozunguka na magurudumu. Sauti ya ka-ka-ka inayotoka gari likikata kona kali kwa mwendo mdogo ni habari nyingine. Hiyo ni jointi ya shafti.

Jaribio linaloeleza mengi zaidi ni la kona. Gari likikata kulia, uzito unaegemea magurudumu ya kushoto. Likikata kushoto, unaegemea ya kulia. Beringi mbovu ikiongezewa uzito hupaza sauti. Na miji ya Tanzania imewapa madereva uwanja mzuri wa jaribio hili: kipilefti. Kwa kuwa magari hupita upande wa kushoto wa barabara, kuzunguka kipilefti ni kukata kulia kwa muda mrefu bila kukatiza, na beringi ya kushoto hubebeshwa mzigo wote huo. Muungurumo ukizidi pale na kupoa gari linaponyooka, shaka iangukie kushoto. Upande wa kushoto ndio pia unaokutana na mashimo ya ukingo wa lami pale dereva anapompisha mwenzake, kwa hiyo dalili hizo mbili mara nyingi huelekeza mahali pamoja.

Fundi makini hatafungua kwa ushahidi huo peke yake. Beringi ya safu mbili inaweza kunyamaza kwenye kona ambayo ilitarajiwa ipige kelele, kwa sababu safu iliyochakaa imeachiwa na nzima ndiyo iliyobeba. Tena bodi ya gari dogo inasafirisha sauti kiasi kwamba ya kushoto inasikika kulia na ya mbele inasikika nyuma. Gari lipandishwe jeki, liwekwe juu ya stendi, na mikono ifanye kazi.

Mkono mmoja unashika tairi juu, mwingine chini, na tairi inasukumwa na kuvutwa. Ikicheza, msaidizi anakanyaga breki na fundi anarudia. Mchezo ukitoweka breki ikiwa imekanyagwa, beringi ndiyo yenye kosa, kwa sababu breki zimeifunga diski na chuma kinachoibeba vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, fundi aangalie boli jointi. Tairi ikishikwa kushoto na kulia na kucheza kwa upande huo tu, tairodi iangaliwe kwanza. Dakika mbili za kukanyaga na kuachia breki zinaokoa watu wengi kununua kitu wasichokihitaji, na inashangaza jinsi jaribio hili linavyorukwa.

Lakini tairi isipocheza, kazi haijaisha. Kosa lililozoeleka gereji ni fundi kutikisa tairi, kuiona imetulia, na kutangaza, "Mama, beringi nzima hii, haichezi." Beringi ya aina hii inaweza kuvuma kwa maelfu ya kilomita kabla haijaanza kucheza, kucheza ni hatua ya mwisho. Cha kufanya ni kuzungusha tairi kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vimegusa springi ya shokapu. Springi inapokea kila mtikisiko wa gurudumu. Upande mzima vidole havisikii kitu. Upande mbovu vinasikia mchakacho, kama vile kuna mchanga ndani ya chuma. Kulinganisha pande mbili hivi, kwa vidole vilevile na ndani ya dakika ileile, ni ushahidi mzuri kuliko sikio la mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti.

Kufungua kwenyewe kuna utaratibu wake na fundi yeyote wa gari za Toyota anaujua. Mdomo wa nati ya shafti uliogongewa ndani ya mfereji unanyanyuliwa, msaidizi anakanyaga breki, nati ya namba 30 inalegezwa. Kalipa inatolewa na kufungwa pembeni kwa waya. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wa breki, mpira unaumia. Tairodi inaachanishwa, boli jointi inaachanishwa, bolti mbili za shokapu zinawekewa alama kabla ya kutolewa ili mlalo wa gurudumu usipotee. Shafti inasukumwa kurudi ndani, nati ikiwa imeachwa kwenye ncha ili nyuzi zisiharibike. Sasa kile chuma kinachobeba gurudumu kiko mikononi, kizito na chenye matope, na kinaletwa mezani.

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika.

Habu inatolewa kwanza kwa presi. Karibu kila mara inatoka na nusu ya pete ya ndani ikiwa imeng'ang'ania shingoni, na pete hiyo ivutwe kwa pula, au ikatwe kwa grainda na mkono mtulivu, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye shingo ya habu utabaki chini ya beringi mpya daima. Klipu ya chuma inayozuia beringi inatolewa, kisha pete ya nje inasukumwa nje. Tundu linabaki wazi. Lisafishwe hadi ling'ae, kutu iondolewe kwa msasa laini, na vidole vipite kutafuta mikwaruzo.

Pakionekana pamelegea, kuna mbinu mbili ambazo hutumika na ambazo zikataliwe. Ya kwanza ni kuligongagonga tundu kwa sentapanchi ili vinundu vibane pete. Ya pili ni kuzungushia bati jembamba. Zote zinaifanya pete ishikwe kwenye sehemu chache badala ya mzunguko mzima. Pete ya beringi, pamoja na ugumu wake, ni nyembamba. Inafuata umbo la tundu lililoishika. Tundu lenye vinundu linazaa pete yenye mawimbi, na gololi zitayahisi mawimbi hayo kuanzia kilomita ya kwanza. Tundu likiwa limekufa, kinachotakiwa ni kununua chuma kizima kilichotumika, na bidhaa hiyo inapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala.

Beringi mpya inapoingizwa kwenye tundu, nguvu ipite kwenye pete ya nje tu. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani ndiyo iwekewe egemeo kwa chini. Kanuni inasemeka kwa pumzi moja: pete inayobana ndiyo inayosukumwa. Ikikosewa, nguvu itaingia kwenye pete moja na kutokea kwenye nyingine, na njia pekee kati ya pete hizo ni gololi.

Mwaka 1900 mhandisi Mswidi, Johan August Brinell, aliwaonyesha watu mbinu yake ya kupima ugumu wa chuma. Alikandamiza gololi ngumu juu ya chuma kwa nguvu inayojulikana, kisha akapima upana wa alama iliyobaki. Mbinu hiyo inatumika hadi leo duniani kote. Fundi anayepiga nyundo kwenye pete ya ndani ili kuiingiza ya nje anafanya jaribio hilohilo ndani ya beringi ya mteja, kwa gololi zote kwa pamoja. Kila gololi inaacha bonde lake kwenye njia. Mabonde hayo ni madogo hata kuyaona ni kazi, lakini beringi itavuma tangu siku ya kwanza, au itavuma baada ya miezi kadhaa pale kingo za mabonde zitakapoanza kubanduka.

Presi ya haidroliki ndiyo jibu, na kwa gereji isiyokuwa nayo, mafundi wa kukereza vyuma wa karibu huwa nayo na hawatozi sana kwa kusukuma mara mbili. Pale isipopatikana kabisa, bolti ndefu yenye nyuzi nene, nati mbili na sahani nene za chuma zinaweza kuivuta beringi taratibu hadi ikae. Na pete kuukuu ya nje ina kazi ya mwisho: ikipunguzwa kidogo kwa nje kwa grainda ili isinase, inakuwa chombo cha kusukumia mpya, kwa kuwa upana wake unalingana kabisa na mahali nguvu inapotakiwa kupita.

Mambo mawili madogo yafuatwe katika hatua hii. Beringi hizi huja zimejazwa grisi kiwandani na kufungwa, kwa hiyo sili isifunguliwe eti "tuiongezee". Vumbi litakaloingia lina madhara kuliko faida ya grisi yoyote. Na kwenye magari mapya zaidi, sili ya upande mmoja ina sumaku inayosomwa na sensa ya ABS. Ikifungwa kichwa chini, gari litatembea vizuri na taa ya ABS itawaka hadi kila kitu kifunguliwe upya. Klipu ya karatasi ikisogezwa karibu itavutwa na upande wenye sumaku, na upande huo uelekee sensa.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa nati kubwa. Toyota inataka nati mpya, ikazwe kwa newtoni mita 216. Kwa asiyekuwa na spana ya kupimia, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 22 uliowekwa mwisho wa bomba la mita moja. Mkazo huu una kazi kubwa zaidi ya kuzuia nati isifunguke: pete ya ndani ya beringi ina vipande viwili, na nati ndiyo inayovibana pamoja na kuweka nafasi sahihi ya gololi. Ikikazwa pungufu, vipande vinaachana. Ikikazwa kwa spana ya upepo hadi ilie, hakuna anayejua imefika wapi. Gari lisishushwe likabeba uzito wake, wala kusukumwa hata hatua moja kupisha gari jingine, nati hiyo ikiwa haijakazwa. Mdomo wa nati ugongewe kwenye mfereji, tairi ifungwe kwa newtoni mita 103 kila nati, na gari lipite kwa wapima mlalo wa magurudumu.

Si kila gari liko hivi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina beringi mbili za rola zilizochongoka, jamii ya zile ambazo Henry Timken alizipatia hati miliki Marekani mwaka 1898. Hizo hufunguliwa, huoshwa, hupakwa grisi upya na kurekebishwa mkazo, na nati zake za namba 54 zinastahili boksi spana yake badala ya patasi, ingawa patasi ndiyo inayoacha makovu kwenye nati nyingi za Land Cruiser zinazoonekana mikoani. Magari mengi mapya, kwa upande mwingine, yana beringi na habu vilivyoungana kiwandani kikawa kitu kimoja cha kufunga kwa bolti. Bei iko juu, lakini presi haihitajiki na nafasi ya kuua kifaa mezani inapungua sana.

Beringi inaweza kuumia bila kuzunguka hata kidogo, na jambo hilo lilijulikana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1937 John Almen, mtafiti wa General Motors, aliandika kuhusu magari mapya ambayo beringi zake za magurudumu zilifika kwa wanunuzi zikiwa tayari zina madhara. Safari ilipokuwa ndefu, madhara yalikuwa makubwa, na majira ya mwaka nayo yalichangia. Gari lilikuwa limesimama juu ya chombo kilichokuwa kikitikisika, gololi zikawa zinasugua palepale siku nzima, grisi ikasukumwa pembeni na haikurudi kwa sababu gurudumu halikuzunguka.

Kuchomelea ni mfano mwingine. Fundi wa kuchomelea akifunga waya wa ardhi kwenye gurudumu huku anachomelea bodi, umeme unapita kwenye gololi na kuacha vidoa vilivyoyeyuka. Waya huo ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, katika upande uleule wa beringi.

Madhara yote haya yanaacha maandishi, na maandishi hayo yanasomeka. Mwenye gari aombe arudishiwe beringi aliyoilipia kuondolewa, na amwombe fundi aipasue pete ya nje kwa grainda, miwani ikiwa machoni. Ni kazi ya dakika chache. Njia ya gololi ikifutwa grisi na kuelekezwa kwenye mwanga, kinachoonekana ni mkanda unaong'aa, na habari yote imo kwenye mkanda huo. Vishimo vyenye kingo kali sehemu moja ya pete ya nje, pengine pote pakiwa laini, ni uchovu wa kawaida. Pete hiyo imetulia miaka yote na uzito umeshukia sehemu ileile. Hiyo imekufa kwa umri. Mabonde yaliyopangana kwa nafasi sawasawa, umbali wa gololi moja hadi nyingine, yanasema kuna pigo: shimo la barabarani, ukingo wa lami, au nyundo ya aliyeifunga. Mabonde hayo yakionekana kwenye beringi iliyofungwa juzi, fundi na mteja wana jambo la kuzungumza kwa heshima, chuma kikiwa mezani kati yao.

Grisi ya rangi ya maziwa na madoa ya kutu ni maji, na sili ya upande ule itazamwe. Rangi ya bluu au kahawia kwenye chuma ni joto, labda grisi iliisha au mkazo ulizidi. Vidoa vilivyoyeyuka, au mistari ya kijivu iliyopangana kama ubao wa kufulia, ni umeme, na mwenye gari aulizwe ni lini mara ya mwisho bodi ilichomelewa. Mkanda ulioliwa sana kwenye safu moja tu ya gololi unamrudisha mtu kwenye rimu pana na spesa, na hapo kubadilisha beringi peke yake kutaleta beringi nyingine mezani kabla ya wakati wake.

Upande wa pili wa gari haulazimiki kubadilishwa siku hiyohiyo, hata kama muuzaji atasema beringi huuzwa kwa jozi. Lakini una umri uleule na umepita barabara zilezile. Kabla jeki haijarudishwa buti, tairi ya pili izungushwe na vidole viwekwe kwenye springi yake.